Tumbo la Sufi Katika Nchi ya Ubado

Wenzangu wa darsa la Alhamisi wameniomba mara nyingi niwaandikie habari za Ubado, kwa sababu nikizisimulia kwa mdomo kila mmoja huondoka na kipande chake, na baada ya muda nakisikia sokoni kimeota mkia. Basi haya ndiyo niliyoyaona. Namna nilivyofika huko haimfai kitu msomaji. Nilikuwa nimemaliza eda ya marehemu mume wangu, nikatamani kutembea, nikatembea, na nchi niliyoikuta mwisho wa njia ilikuwa hiyo.

Ubado ni nchi ya watu wasafi na wapole. Wanasalimiana mpaka mtu anasahau alikokuwa akienda. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni jinsi wanavyoyatayarisha mambo yao. Shamba hulimwa mvua ikingali mbali, na mtu wa serikali huja kuuchukua udongo, akaunusa, akauweka ulimini, akasema huu unataka samadi, huu upumzike. Kiwanja cha nyumba humwagiwa maji kwanza, waone yanakimbilia wapi. Mchele wa sikukuu huchaguliwa mawe sikukuu yenyewe ikiwa bado haijatangazwa. Kitu kimoja tu hawakitayarishi, nacho ni mtoto. Sheria yao inasema mtoto asizungumzwe mpaka aonekane. Ukimzungumza kabla, wanaamini, umemwita kwa nguvu, na mgeni aliyeitwa kwa nguvu hufika amenuna au huishia njiani.

Ili pasiwe na ubishi kuhusu nani ameonekana na nani hajaonekana, zahanati yao ina pete. Ni pete ya henzirani, imesukwa kwa ustadi, upana wake kama mdomo wa kapu la nazi. Mshika Pete wakati wangu alikuwa Bwana Faki, mtu mrefu, mtaratibu, anayeipenda kazi yake. Mwanamke akifika getini, Bwana Faki humvisha pete kuanzia kichwani. Ikiteremka mpaka miguuni, mwanamke huyo hajawa mjamzito, anaelekezwa Mlango wa Wagonjwa. Ikikwama tumboni, amekuwa, anaelekezwa Mlango wa Mama. Bibi mmoja mnene, ambaye ujana ulimpita zamani, alikuwa akipewa ushauri wa uzazi kila alipokwenda kung'oa jino. Aliniambia ushauri wenyewe ni mzuri sana, ila yeye ungemfaa miaka ile.

Nilidhani nyuma ya milango ile kuna matabibu wawili. Yupo mmoja, Tabibu Ngwali. Asubuhi hukaa Mlango wa Wagonjwa, amevaa kofia nyeusi. Adhuhuri ikipita huvua nyeusi, huvaa nyeupe, na kuhamia Mlango wa Mama, ambao ni chumba hichohicho, upande wa pili wa meza. Akiwa na kofia nyeusi amekatazwa kutamka neno mtoto. Akiwa na nyeupe anaruhusiwa, lakini huzungumza na tumbo, si na mwenye tumbo. Sheria inasema ushauri ni haki ya mtoto. Mama anausikia kwa kuwa tu ndiye aliyembeba.

Mimi nilifikia kwa Bi Mashavu, mjane kama mimi, mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi wa kupakua. Aliishi na mwanawe Kombo, mfuga mbuzi, na mke wa Kombo, aitwaye Mboni. Huyu Mboni alikuwa binti wa maneno machache, anayefanya kazi huku akisikiliza. Nilimwona ana kovu kwenye kidevu na jingine juu ya jicho, nisiulize. Kwetu tumefundishwa mgeni asiulize kovu.

Siku tulipokuwa tukimenya mihogo wawili peke yetu, alinieleza mwenyewe.

"Nina kifafa, bibi, tangu udogoni. Haya ni ya kuanguka. Ninapomeza vidonge sianguki."

"Alhamdulillahi."

"Ndiyo. Ila nimezika wawili." Akaendelea kumenya. "Wa kwanza alizaliwa mgongo uko wazi, hapa kiunoni. Alikaa nasi mpaka jioni. Wa pili hivyohivyo, na huyo hata jioni hakuifika."

Nikamwombea kimoyomoyo.

"Nataka kujua kama ni vidonge," akasema. "Basi. Nataka mtu aniambie tu. Nikamwendea Tabibu asubuhi, nikamwuliza, hivi vidonge vikikutana na mimba vinafanya nini? Akaniuliza, mimba ipo? Nikamwambia haipo. Akasema, basi hakuna kinachokutana na kitu."

"Na ulipokuwa na mimba, hukumwuliza?"

"Nilimwuliza, kofia ikiwa nyeupe. Akasema mgongo wa mtoto hufunga mapema sana, kabla hata mama hajajua kuwa amebeba. Akasema nilitakiwa niambiwe kabla. Nikamwuliza, na nani? Akasema, na Mlango wa Wagonjwa. Nikamwambia, lakini Mlango wa Wagonjwa si ni wewe? Nilikuuliza asubuhi, ukakataa kunijibu. Akasema Mlango wa Wagonjwa walifanya sawa."

Sikusikia uchungu katika sauti yake. Alisema kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani.

Jioni ile Kombo alirudi na furaha, maana alikuwa na beberu mpya. Wakati wa kula hakuwa na habari nyingine. "Mbuzi humpandishi hivihivi, mama mgeni," akanieleza, akitikisa tonge hewani. "Mimi jike langu nalipa chumvi na majani mazuri kabla. Nalitazama macho, nalitazama kwato, nalitazama meno. Na beberu naye! Watu wanamsahau beberu. Beberu akiwa na ugonjwa, kundi zima limekwisha."

"Ni kweli," nikasema.

"Wengine wanangoja jike liwe na mimba ndiyo walipeleke kwa mganga wa mifugo. Huo si ujinga?"

Nilimtazama Mboni. Alikuwa akinywa mchuzi. Nami nikanywa wangu.

Kombo akamaliza kwa kusema mavuno yakishaingia ghalani wataanza kutafuta mtoto, anataka kusikia kilio chake nyumba ile ikifika masika, na safari hii Mungu atawapa aliye mzima. Alisema kwa upendo. Kombo alikuwa mtu mwema, hilo lazima niliseme.

Alipotoka nje kuvuta tumbaku yake, nilimwuliza Bi Mashavu kwa nini wasimpeleke binti akatazamwe kwanza, kabla ya mavuno.

"Mtoto ni wa Mungu, mwenzangu," akasema. "Sisi ni nani tumpangie?"

"Kweli ni wa Mungu. Na sala ni ya Mungu. Lakini mimi natia udhu kabla ya kusali, sitii baada ya kutoa salamu."

Akanitazama kidogo. "Huko kwenu mna maji mengi," akasema, akaenda kusuuza vyombo.

Hazikupita siku nyingi nikaona vidonge majivuni nilipokuwa nikizoa jivu. Vilikuwa vya Mboni. Nikamwuliza, akasema ameacha kuvimeza, kwa kuwa hakuna anayemwambia, basi amejiambia mwenyewe. Bi Mashavu aliposikia alifurahi waziwazi. "Aviache! Vimenilia wajukuu wawili, sasa vinataka na wa tatu?"

Nikasema mimi sijui dawa, shule yangu iliishia la saba, lakini dawa ya kuzuia mtu asianguke ikiondolewa, mtu ataanguka. Bi Mashavu akasema tutaona.

Tuliona. Mboni alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Tulimtoa haraka, mimi na Bi Mashavu, na tulipomweka chini bado alikuwa akitetemeka na povu mdomoni. Tukamlaza ubavu. Bi Mashavu alimpangusa uso kwa ncha ya kanga yake, akawa anasema, "Mwanangu, mwanangu, mimi mjinga, mwanangu." Mkono uliungua kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Walimtibu Mlango wa Wagonjwa, vizuri kabisa. Tabibu Ngwali, kofia nyeusi, alimfunga mkono kwa upole, akamwuliza kwa nini ameacha vidonge. Mboni akajibu, "Kwa sababu ya kile usichoruhusiwa kukitamka." Tabibu akainamisha kichwa, akaendelea kufunga bendeji.

Tuliporudi, Bi Mashavu alishusha mto wake wa sufi kutoka kitandani, akaufumua.

"Unafanya nini, mama?" Mboni akauliza.

"Nakupa mimba. Kaa wima nikupime."

Hapo ndipo nilipoujua mchezo ambao wanawake wa Ubado walikuwa wakiucheza siku nyingi. Aliyetaka kusikia ushauri kabla ya wakati alijifunga tumbo la sufi. Yupo aliyekuwa na sukari mwilini, yupo aliyekuwa na ugonjwa wa damu kwao, yupo aliyepoteza mimba mfululizo asijue sababu. Wote walipita kwenye pete wamejishika kiuno na kuhema. Bi Mashavu mwenyewe alikuwa akiyasikia hayo na kuyalaani. Siku ile alishona bila kuinua kichwa, na akashona vizuri, akaweka hata kitovu.

Nilimsindikiza Mboni. Bwana Faki akamvisha pete, ikakwama. "Hongera," akasema. "Mlango wa Mama."

Tabibu Ngwali, kofia nyeupe, alimlaza akaweka mkono juu ya tumbo. Unyoya wa sufi ulitoka kwenye mshono ukamganda kidoleni. Akautazama. Akaupuliza ukaruka dirishani. Kisha akaweka kile kibomba chake cha kusikilizia, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mtoto amelala vizuri," akasema.

Mboni akavuta kanga kuufunika mshono.

"Sasa nisikilize wewe uliyemo," Tabibu akaliambia tumbo, na sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayezungumza nyumbani kwake. "Kwanza, usije. Bado. Mama yako anameza vidonge vya kifafa, na vile anavyomeza vinaweza kuharibu mgongo wa mtoto. Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini asiviache ghafla, maana akianguka vibaya hutakuwa na mama wa kukuzaa. Nitambadilishia, taratibu, hiki kipungue huku kingine kikiingia, na kwa muda huo atumie uzazi wa mpango. Pili, aanze vidonge vya foliki, vya kuukinga mgongo wako, kipimo kikubwa cha watu wa hali yake, miezi kadhaa kabla yako, siyo baada. Damu yake ipimwe kama ni pungufu. Tatu, baba yako."

Hapo akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye tumbo.

"Baba yako aje asubuhi apimwe damu, aulizwe magonjwa ya kwao, na tumbaku aiache. Asiseme yeye habebi. Mambo hayo yakiwa tayari, nitakuita mimi mwenyewe. Umenisikia?"

Tumbo halikujibu. Mboni alikuwa akilia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni kwa vile amelala chali.

"Amesikia," nikasema mimi.

Basi Mboni akaanza. Kwa kila hatua ya kubadilisha dawa ilibidi arudi, na kila akirudi alirudi na tumbo. Kombo hakujua. Mambo ya matumbo, kwa desturi yao, hayamhusu mwanamume mpaka siku ya kumpa mtoto jina, na Bi Mashavu alimwambia mkewe anatibiwa mkono. Ila kila siku mavuno yalisogea, na Mboni aliniambia haogopi kifafa tena, anaogopa siku Kombo atakaposema ghala limejaa. Akipata mimba kabla dawa haijaisha kubadilishwa, yatakuwa yaleyale. Kuendelea na uzazi wa mpango, au kumkatalia mume, bila kumpa sababu hakuweza, na sababu yenyewe ilikuwa imekatazwa.

Wakati huohuo Baraza la Ubado liligundua jambo. Matumbo yaliyopita kwenye pete yalikuwa mengi sana kuliko watoto waliozaliwa. Nilihudhuria kikao walichokiitisha, kwa maana Baraza lao huruhusu wageni kukaa nyuma. Mkuu wa Subira, ambaye ndiye kiongozi wa Baraza, alisema hali hii ni ya kutisha: watoto wanajiandikisha, hawafiki.

"Ni watoto watoro," akasema mjumbe mmoja mwenye ndevu za hina.

"Utoro unaanzia wapi?" akauliza mwenzake.

"Njiani."

"Njia ipi?"

"Hiyo ndiyo tunayotakiwa kuichunguza."

Wakajadili adhabu ya mtoto mtoro, wakashindwa namna ya kumpelekea hati. Mwisho mjumbe mmoja mzee akasema labda baadhi ya matumbo hayana mtu ndani. Pakawa na minong'ono. Wakakubaliana kwamba Bwana Faki, pamoja na pete, apewe shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na kila tumbo lichomwe kidogo getini. Tumbo la kweli litasema aah.

Matokeo yake yalikuwa haya. Wajawazito wa kweli waliikimbia zahanati kwa hofu ya shazia, wakazalia majumbani. Waliobaki kwenye foleni ni wenye sufi peke yao, ambao hawakuwa na cha kuogopa, na wote walisema aah kwa ufasaha. Bwana Faki akatoa taarifa kwamba sasa matumbo yote ni ya kweli. Baraza likampongeza.

Isipokuwa siku moja, alipomchoma Mboni, Mboni hakusema kitu. Bwana Faki akangoja. Akachoma tena.

"Huna la kusema?" akamwuliza.

"Sikuhisi kitu, baba," Mboni akajibu.

Bwana Faki alisikitika sana, nilimwona. Lakini foleni nzima ilikuwa imesikia. Sufi ikatolewa, ikawekwa mezani kama ushahidi.

Bi Mashavu alimgombeza njia nzima. "Aah tu! Neno moja! Mtoto mchanga analijua!"

"Niliona haya, mama. Mtu mzima kama yule, na sindano yake, ananisubiri."

"Haya! Umezipata wapi haya, na tumbo nimekushonea mimi?"

Kesi ilikuwa na uzito. Kwa sheria yao, mtu aliyepata ujuzi kwa njia isiyo halali na akaushikilia hufungiwa milango yote miwili. Kwa Mboni, aliyekuwa katikati ya kubadilisha dawa, vile vya zamani vimepunguzwa na vipya havijafika kipimo chake, kufungiwa milango maana yake ilikuwa kuanguka tena motoni. Sote tulilijua hilo. Usiku wa kuamkia kesi nilisali, nikamtaja kwa jina.

Mkuu wa Subira alimwuliza, "Mboni, ulikuwa na mimba?"

"Sikuwa nayo."

"Ulishauriwa?"

"Nilishauriwa."

"Haiwezekani," akasema mwenye ndevu za hina. "Asiye na mimba hashauriwi. Kwa hiyo hakushauriwa, na hapa hapana kesi."

"Lakini mwenyewe anasema alishauriwa."

"Basi alikuwa na mimba."

"Ya sufi."

"Sheria haikutaja iwe ya nini."

Wakamwita Tabibu Ngwali. Alikuja na kofia zote mbili mkononi, kichwa wazi, na kwa mara ya kwanza nikaona ana mvi.

"Ulizungumza na nani?" Mkuu akauliza.

"Na tumbo, kama ninavyotakiwa."

"Hukujua ni la sufi?"

"Sheria inanikataza kulitilia shaka tumbo lililopita kwenye pete."

Wote wakamtazama Bwana Faki. Bwana Faki akaitazama pete.

Baraza lilijifungia mpaka adhuhuri. Walipotoka walikuwa na uamuzi, na wenyewe waliuona ni wa huruma. Tabibu hana kosa, pete haina kosa. Ushauri ulitoka kihalali ila umefika mahali pasipo halali, kwa hiyo urudishwe. Mboni akiurudisha wote, milango yake itabaki wazi kama zamani.

"Nitaurudishaje?" Mboni akauliza. "Si sufuria."

Ikabidi nielezwe, na nilipoelezwa nilidhani wananitania. Ubado wana desturi iitwayo kusahaulishwa. Mtu anayejua asichotakiwa kujua husimamishwa juu ya jiwe la sokoni, akakisema chote, neno kwa neno, mbele za watu, ili ijulikane hasa ni nini kinachosahauliwa. Akiacha hata kipande, kipande hicho kinahesabika kimefichwa, na adhabu inarudi. Watu nao lazima wahudhurie, kwa kuwa kitu kikisahauliwa na mmoja tu hakijasahaulika. Kwa vile jambo hili lilikuwa la tumbo, waliitwa wanawake wa mitaa yote. Na ili pasibaki kitu, Tabibu Ngwali akaamriwa asimame kando ya jiwe kumsahihisha.

Sikuwahi kuona wanawake wengi kama siku ile. Wengine walikuja na wali wa njiani. Wale wajawazito waliokuwa wakiikimbia shazia nao walikuja, wakawekewa mikeka mbele.

Mboni akapanda juu ya jiwe, mkono wake wenye kovu jipya ameushika kwa mwingine. Akaanza kwa sauti ndogo.

"Sauti, mwanangu!" mmoja akapaza kutoka nyuma. "Huku hatusahau vizuri!"

Akaongeza sauti. Akasema mwenye kifafa asiache vidonge ghafla, na kwamba vipo vinavyoharibu mgongo wa mtoto na vipo vilivyo afadhali, na kubadilisha ni kabla, na ni kwa mkono wa tabibu. Akasema foliki.

"Hiyo foliki tuisahau kuanzia lini?" akauliza mama mmoja, uso mkavu kabisa.

"Miezi kadhaa kabla ya mimba."

"Na asiye na kifafa?"

Mboni akamtazama Tabibu. Tabibu akasafisha koo. "Asiye na kifafa naye asahau kwamba aimeze kabla," akasema, "ila kipimo chake atakachosahau ni kidogo."

"Na mwenye sukari?" akauliza mwingine. "Isije ikawa mimi ninakumbuka kitu bila kujijua."

Tabibu akamtazama Mkuu wa Subira. Mkuu akatafakari, akasema kwa usalama wa sheria ni bora kisahauliwe chote kwa pamoja. Basi Tabibu Ngwali akaendelea kueleza, bila kofia, mpaka jua likaanza kuteremka, sukari, na damu pungufu, na kaswende, na chanjo, na kupishanisha uzazi, na kila alipomaliza jambo moja wanawake walijibu kwa pamoja, "Tumesahau." Bi Mashavu alikuwa kando yangu. Alijibu kwa nguvu kuliko wote.

Mkuu akamwuliza Mboni kama amebakiza kitu.

"Limebaki la baba wa mtoto," Mboni akasema.

"La wanaume si la hapa. Litatangazwa kwao na mpiga mbiu."

Mpiga mbiu alifika kwetu wakati wa chakula cha jioni. Kombo alikuwa amekaa barazani, habari za sokoni amezipata nusunusu. Mboni alikuwa mlangoni. Hakuingia ndani wala hakutoka.

"Sikilizeni wanaume wa mtaa huu," mpiga mbiu akasema, amechoka, maana alikuwa ametoka mbali. "Ni marufuku kukumbuka kwamba mwanamume anayetaka mtoto aende kwa Tabibu apimwe damu, yeye kwanza, kabla mkewe hajabeba. Ni marufuku kukumbuka kwamba tumbaku yake inamhusu mtoto. Ni marufuku kukumbuka kwamba mke akiwa kwenye dawa, mume asubiri mpaka Tabibu aseme tayari."

Kombo aliinua kichwa. "Hilo la mwisho lirudie."

Akalirudia.

"Hata kama ghala limejaa?"

"Mbiu haikusema habari ya ghala."

Kombo akamtazama mkewe, akautazama mkono wake. Kisha akaitoa tumbaku mfukoni, akamkabidhi mpiga mbiu, ambaye aliipokea kwa shukrani.

"Sasa nieleze vizuri, ndugu yangu, nisije nikavunja sheria," Kombo akasema. "Huko kwa Tabibu nisiende saa ngapi?"

"Asubuhi mapema," mpiga mbiu akajibu. "Kabla foleni haijawa ndefu, hapo ndipo pasipokwendeka."

Kombo akamshukuru. Akamwomba Mboni amwamshe kesho alfajiri, asije akachelewa kutokwenda.